Kompresere za zamani ndani ya ordinatere: namna ya kusaidia sauti bila kuiua

Vijana wengi wa hapa kwetu wanafanya miksaje ya nyimbo nyumbani, kwa ordinatere moja na mikro moja. Kwenye ekra zao utaona picha za masanduku ya zamani yenye sindano na butoni kubwa: 1176, LA-2A, Fairchild. Masanduku hayo yalitoka wapi, yanafanya nini, na ni namna gani ya kuyatumia bila kuharibu wimbo? Maelezo.

Siku ile tulipitisha wimbo wa korali ya wamama kwenye kipindi cha asubuhi. Ulikuwa wimbo wa kumlilia mwenzao mwenye alikuwa amefariki. Niliurekodi mimi mwenyewe, na miksaje niliifanya usiku kucha, nikiogopa kuran isikatike. Wimbo haukuwa hata umeisha, binti wa marehemu akapiga simu. Hakukasirika. Aliuliza tu: « Kaka, jina la mama lilipita wapi? »

Nilivaa kaske nikasikiliza tena. Jina lilikuwapo. Lakini mama mwenye kuimba solo, alipofika pale, alishusha sauti kwa uchungu, karibu kunong'ona. Ndani ya kaske, usiku, nilisikia kila silabi. Kwenye karadio kadogo ka betri, pembeni ya jiko, na watoto wanajitayarisha kwenda masomo, jina lilimezwa na gita na ngoma. Familia ilingojea neno moja tu ndani ya wimbo wote, na neno hilo njo lenye lilipotea.

Siku hiyo nilielewa kwamba kompresere si mapambo ya studio kubwa. Ni chombo cha kusaidia neno lifike.

Kompresere inafanya kazi gani?

Tusichanganye. Hapa hatuongelei kompresere ya kujaza upepo ndani ya pineu, wala ile ya frigo. Kompresere ya sauti inapunguza umbali kati ya sauti kubwa na sauti ndogo.

Fikiri mtu ameketi karibu na radio, mkono wake kwenye butoni ya volime. Mwimbaji akipaza sauti, anapunguza. Mwimbaji akirudia kawaida, anarudisha butoni pale ilipokuwa. Kompresere ni huyo mtu, lakini yeye hachoki na mkono wake uko mbio kupita wa binadamu.

Ili afanye kazi vizuri, unamwambia mambo manne.

La kwanza ni kizingiti. Ni nivo yenye sauti ikiivuka, kazi inaanza. Chini ya kizingiti, kompresere inaacha sauti ipite kama ilivyo.

La pili ni kipimo cha kukandamiza. Ukisikia watu wanasema « 4 kwa 1 », maana yake kila desibeli 4 zenye zinavuka kizingiti, inatoka 1 tu.

La tatu ni ataki: kompresere inachukua muda gani kuanza kushika sauti yenye imevuka.

La nne ni muda wa kuachilia: sauti ikishuka, mkono unachukua muda gani kurudisha butoni.

Tufanye hesabu ya wimbo wetu. Tuseme mama anapaza sauti kufika desibeli 8 chini ya sifuri, na anaponong'ona anashuka mpaka 28 chini ya sifuri. Kati ya hizo mbili kuna desibeli 20. Ni nyingi sana kwa radio ndogo. Sasa tuweke kizingiti kwenye 20 chini ya sifuri, na kipimo cha 4 kwa 1. Sauti kubwa imevuka kizingiti kwa desibeli 12. Tunagawanya kwa 4: zinatoka 3. Kwa hiyo ile sauti ya 8 chini ya sifuri sasa iko 17 chini ya sifuri. Ule mnong'ono haukuguswa, umebaki kwenye 28. Umbali ulikuwa 20, sasa ni 11. Ukipandisha sauti yote kwa desibeli 6, mnong'ono unafika 22 na hakuna kitu chenye kimepasuka.

Lakini angalia: zile desibeli 6 hazichagui. Zinapandisha mnong'ono, na pia zinapandisha kila kitu chenye kilikuwa kimejificha chini yake: mvua kwenye mabati, grupe ya jirani, jogoo, mtu mwenye anakohoa kwenye korido. Tutarudilia jambo hili, kwa sababu ndilo lilinipata.

Masanduku matatu yenye majina

Mbele ya ordinatere, kompresere ilikuwa sanduku la chuma, na mengi yenye tunaona leo kwenye ekra yalitengenezwa Marekani kati ya mwaka 1950 na 1980. Hatutayataja yote. Matatu yanatosha, kwa kuwa kila moja linafanya kazi kwa njia yake, na njia hiyo ndiyo inakuambia ulitumie wapi.

*Fairchild 670.* Lilitokea mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwenye alilichora ni Rein Narma, injeniere mzaliwa wa Estonia mwenye alihamia Marekani. Ndani yake mulikuwa lampe 20, zile za vioo kama za radio za wazee wetu, na uzito wake ulikuwa karibu kilo 30. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda mashine za kuchonga diski, ili sauti kubwa isirushe sindano. Studio za Abbey Road kule London zilitumia ndugu yake mdogo, Fairchild 660, kwenye nyimbo za The Beatles. Lampe zake zinabana sauti kwa ulaini, bila makali, kama mkono wenye kukanda unga. Sanduku la kweli leo linauzwa makumi ya maelfu ya dola.

*LA-2A.* Hili ni la miaka ya 1960, kazi ya Jim Lawrence, kwenye kompani yake Teletronix kule California. Ndani yake kuna kitu cha ajabu: kipande chenye kuwaka kikiwa karibu na kipande chenye kuhisi mwanga. Sauti ikipanda, mwanga unazidi. Mwanga ukizidi, kile kipande cha pili kinapunguza sauti. Ni mwanga ndio unashika butoni!

Kwa nini hii ni ya maana? Kwa sababu kipande hicho kinafanya kama jicho. Ukitoka kwenye jua kidogo tu na kuingia ndani ya nyumba yenye giza, unaanza kuona haraka. Lakini ukishinda juani mchana mzima, ukiingia ndani unapapasa kwanza. LA-2A ni vile vile. Inashika sauti kwa karibu milisekunde 10. Kuachilia kunafanyika mara mbili: nusu ya kwanza inarudi haraka, karibu milisekunde 60, halafu nusu yenye kubaki inarudi pole-pole, kuanzia nusu sekunde mpaka sekunde kadhaa, kufuatana na muda na nguvu yenye sauti ilikuwa nayo. Hakuna butoni ya ataki, hakuna ya kuachilia. Kuna butoni kubwa mbili tu: moja ya kubana, moja ya kurudisha nivo. Mwanzoni iliuzwa sana kwa stasio za radio, halafu watu wa muziki wakaipenda juu ya sauti ya mwimbaji na gita ya besi.

*1176.* Hili lilitoka mwaka 1967, kazi ya Bill Putnam, mwenye alianzia studio kule Chicago mbele ya kuhamia Hollywood, na mwenye kompani Universal Audio. Putnam aliacha lampe kwenye sehemu ya kubana na kuweka transistore. Matokeo yake ni mbio yenye watu hawakuwa wameizoea: ataki yake ya mbio zaidi ni sehemu 20 za milioni ya sekunde. Ya pole-pole zaidi ni sehemu 800 za milioni ya sekunde, maana yake haifiki hata milisekunde moja. Kwa hiyo hata « pole-pole » ya 1176 iko mbio kupita kompresere nyingi. Kuachilia kwake kunaanzia milisekunde 50 mpaka sekunde 1 na kidogo. Vipimo ni vinne: 4, 8, 12 na 20. Linashika makelele ya ghafla, na linapofanya hivyo linaongeza ukali kidogo, kama pilipili kwenye sombe.

Ordinatere inaiga sanduku namna gani?

Wenye kutengeneza logisiele hizi, zile vijana wanaita plagini, wanakamata sanduku la kweli na mchoro wake wa umeme. Wanapitisha ndani sauti za majaribio, ndogo na kubwa, fupi na ndefu, na kuangalia nini inatoka. Halafu kila kipande, transistore, lampe, transfo, kinageuzwa kuwa hesabu. Ukipitisha sauti ya mama wa korali, ordinatere inafanya hesabu hizo kwa kila kipande cha sauti, na sekunde moja ya sauti iko na vipande 44 100 au 48 000. Ndiyo maana mashine ya zamani inahema!

Mtu anaweza kuuliza: kama ni hesabu, kwa nini tusitumie tu kompresere safi yenye inakuja na logisiele? Swali ni zuri. Mara nyingi hiyo safi inatosha. Tofauti iko kwenye mambo mawili. Kwanza ni mwendo: sanduku la zamani halibani kwa mstari ulionyooka, linabadilika kufuatana na wimbo, kama tulivyoona kwa LA-2A. Pili ni rangi: lampe na transfo zinaharibu sauti kidogo tu, na uharibifu huo mdogo unaongeza sauti ndogo-ndogo juu ya ile ya kwanza, zenye sikio linasikia kama joto au ukaribu. Mashine ilikuwa na kasoro, na watu wakaipenda kasoro.

Lakini tusidanganywe na picha. Butoni yenye kutu na sindano yenye kucheza kwenye ekra haziongezi kitu. Hata masanduku ya kweli hayakufanana yote. Mawili ya namna moja yangeweza kutofautiana kidogo. Ndiyo sababu logisiele mbili zenye kuiga 1176 hazitoi sauti moja. Mwenye kuamua ni sikio lako.

Jambo moja la kuchekesha, lakini la kweli: logisiele zingine ziko na butoni yenye kuongeza hata mngurumo wa umeme wa zamani, na unachagua hertzi 50 au 60. Marekani wako na 60, sisi hapa tuko na 50. Rafiki zangu, mngurumo tunao wa kutosha kwenye nyaya zetu. Zima hiyo butoni.

Hatua kwa hatua, kwa sauti ya mwimbaji

Hii ndiyo njia yenye ninafuata sasa, kisha kukosea mara nyingi.

1. *Safisha kwanza.* Kata vipande vyenye mwimbaji amenyamaza, au uvishushe. Toa mngurumo wa chini kwa kukata frekansi za chini ya hertzi 80 mpaka 100. Kompresere haijui tofauti kati ya sauti ya mama na grupe. Kila kitu chenye kinaingia, inakihesabu.

2. *Tengeneza nivo ya kuingia.* Hapa watu wengi wanaanguka. Masanduku ya zamani yalizoea umeme wa nivo fulani, na logisiele nyingi zenye kuyaiga zimepimwa ili nivo hiyo iwe desibeli 18 chini ya sifuri ya ordinatere. Ukiingiza sauti yenye iko karibu na sifuri, ni kama kumimina ndoo ndani ya kikombe: inabanwa kupita kiasi hata mbele hujagusa butoni. Fanya sauti ya kawaida ya mwimbaji izunguke pale 18 chini ya sifuri, na vilele vyake visipite sana 10 au 8.

3. *Panga kwa mkono mbele ya kubana.* Neno lenye kupotea kabisa, lipandishe wewe mwenyewe kwenye mstari wa volime ya logisiele. Neno lenye kulipuka, lishushe. Ni kazi ya dakika 20, inachosha, lakini hakuna kompresere yenye inajua neno gani ni la maana ndani ya wimbo. Wewe unajua.

4. *Weka 1176 ya kushika vilele.* Chagua kipimo cha 4. Kumbuka kwamba haina butoni ya kizingiti: kizingiti kimefungwa ndani, na unasukuma sauti kwa butoni yenye imeandikwa « Input » mpaka ifike pale. Kumbuka tena jambo lenye linadanganya watu kila siku: kwenye 1176, butoni za ataki na za kuachilia ziko kinyume. Namba 1 ni pole-pole, namba 7 ni mbio. Anza na ataki karibu ya 3, kuachilia karibu ya 6 au 7. Sindano isishuke zaidi ya desibeli 3, na ishuke tu pale mwimbaji anapopaza.

5. *Fuatisha LA-2A ya kulainisha.* Fungua butoni yenye imeandikwa « Peak Reduction » pole-pole mpaka sindano icheze kwenye desibeli 2 mpaka 4. Kwa kuwa 1176 imeshakamata vilele, LA-2A haistuki. Inabeba tu sentensi nzima kwa utulivu. Hii njia ya kufuatanisha hizi mbili inatumiwa sana kwenye studio za dunia, na maana yake ni rahisi: watu wawili wakibeba mfuko, hakuna mwenye anavunjika mgongo.

6. *Linganisha kwa nivo moja.* Zima na uwashe kompresere ukisikiliza. Lakini kwanza hakikisha sauti haikuongezeka. Sikio la binadamu linadanganyika: kitu chenye kupiga sana kidogo, linakiona ni kizuri zaidi. Kama ukilinganisha kwa nivo moja na huoni faida, toa kompresere. Si dhambi.

7. *Sikiliza pale wasikilizaji wako.* Telefoni, karadio kadogo, bafle ya bar. Mlango wazi, watu wanaongea. Kama maneno yanapita pale, kazi imeisha.

Na vyombo vingine? Gita ya besi inaelewana sana na LA-2A. Noti zote zinakuwa za uzito mmoja. Kwa gita ya sebene, chunga: uzuri wake uko kwenye kidole kinapogusa uzi, na 1176, hata kwenye pole-pole yake, inashika mguso huo. Afadhali kompresere ya kawaida yenye ataki ya milisekunde 20 au 30, mguso upite kwanza, halafu ibane. Ni hivyo hivyo kwa ngoma. Na korali nzima, watu 30 pamoja, wameshajilainisha wenyewe. Desibeli 2 zinatosha.

Makosa yenye tunasikia kila siku kwenye CD na fleshi zenye tunaletewa

La kwanza ni kubana mpaka wimbo unakosa pumzi. Kijana anatuletea wimbo, ukiangalia mchoro wake ni tofali: hakuna kilima, hakuna bonde. Anasema, « Papa, nilitaka upige sana kwenye radio. » Kumbe hapigi sana. Kwenye FM, stasio iko na chombo chake chenye kuzuia sauti isivuke kipimo cha emeteri. Tofali likifika pale linabanwa mara ya pili, na linatoka limechoka, ngoma haina nguvu, masikio yanachoka mbele ya refren. Wimbo wenye kupumua unapita vizuri zaidi. Na kwenye intaneti, YouTube na Spotify zinashusha zenyewe nyimbo zenye kupiga kupita kiasi, kuzileta karibu na kipimo cha LUFS 14 chini ya sifuri. Kwa hiyo ulijitesa bure.

La pili ni kuweka kompresere kwa kila kitu juu tu iko. Kila logisiele ya namna hii inakula nguvu ya mashine. Kama ordinatere yako iko na RAM kidogo na inatumia betri ya sola, utaona sauti inakatika-katika. Weka kwa sauti ya kuongoza na besi, ukimaliza geuza mistari hiyo kuwa sauti tayari, ili mashine ipumzike.

La tatu ni kufikiri kompresere itarekebisha rekodi mbaya. Haitaweza. Zamani, wakati studio za kwanza za muziki wetu kule Léopoldville, kama Ngoma na Loningisa, zilikuwa na mikro chache tu, nafasi ya kila mtu mbele ya mikro ilikuwa sehemu ya miksaje. Funzo hilo bado liko na maana. Mwambie mwimbaji arudi nyuma hatua moja anapopaza, asogee anaponong'ona. Huyo ndiye kompresere wa kwanza, na hamulipi kitu. Tundika blanketi mbili nyuma yake. Ngojea mvua iishe.

Na pesa?

Wengi wanaogopa kwamba vitu hivi ni vya matajiri. Sanduku la kweli ndiyo, ni la matajiri. Lakini logisiele, hapana.

Audacity ni ya bure na iko na kompresere yake. Reaper unaijaribu siku 60, halafu laisensi ya mtu binafsi ni dola 60. Ndani yake muna kompresere nzuri ya kawaida, na nyingine ndogo yenye jina 1175, yenye ilitengenezwa kwa kufuata 1176. Haina picha nzuri, lakini inafanya kazi hata kwenye mashine ya zamani. Kompani ndogo kama Analog Obsession inatoa bure logisiele zenye kuiga masanduku ya zamani: FETish kwa njia ya 1176, LALA kwa njia ya LA-2A. Mwenye uwezo anasaidia, mwenye hana anachukua vile vile. Universal Audio yenyewe, yenye watoto wa Bill Putnam waliifufua mwaka 1999, inauza leo sanduku na logisiele pia.

Tukiwa na hizi za bure, sioni sababu ya kraki, zile kopi za kuibwa zenye zinapita kwenye fleshi. Sisemi hivi kwa kujifanya mtakatifu. Ninasema kwa sababu nimeona studio moja ya rafiki ikipoteza kazi ya miezi. Kraki ilimwomba azime antivirusi kwanza, alizima, kesho yake mafaili yote yalikuwa yamefungwa na ujumbe wa kudai pesa. Nyimbo za watu 12, pamoja na mzee mwenye hakuwa na kopi nyingine ya sauti yake. Kama kuna jambo moja la kukumbuka kwenye habari hii, ni hili: kopi ya pili ya kila rekodi, kwenye diski nyingine, kwenye nyumba nyingine.

Turudi kwa wimbo wa wamama

Kisha ile simu, nilirudi kwenye ordinatere kwa haraka na kwa aibu. Nilikamata kompresere, kipimo cha 20, nikabana mpaka sindano ikalala. Jina lilisikika. Ndiyo, lakini grupe ya jirani ilisikika pia, ikipanda kila wakati mama anavuta pumzi, kama bahari. Na kile kilio kidogo chenye kilikuwa ndani ya sauti yake, kile chenye kilifanya ushuke moyo, kikawa sawa na maneno mengine yote. Nilikuwa nimeokoa jina na kupoteza mtu.

Mwenye aliniondoa kwenye shimo ni mama mwenyewe wa solo. Alikuja stasio na kitambaa chake cha korali begani, akasikiliza mara moja, akasema: « Mwanangu, pale sikuimba kwa nguvu kwa sababu sikuweza. Usinifanye kama niliweza. »

Nilitoa vyote na kuanza upya. Nilisafisha mngurumo. Nilishusha gita kidogo, kwa mkono, pale tu jina linapita. Labda desibeli 3, hakuna mwenye anaona. Nilipandisha jina lenyewe kwa mkono, desibeli 5. Halafu 1176 kidogo, LA-2A kidogo. Sindano zilicheza kwa shida. Nilitoka nje na karadio kadogo, nikaliweka kwenye ukuta karibu na wamama wenye wanauza ndizi, nikamwomba mwenzangu apitishe wimbo. Mmoja wao, mwenye hakumjua marehemu, aliinua kichwa wakati jina lilipita.

Jioni tuliupitisha tena. Binti hakupiga simu. Alituma ujumbe mfupi: « Tumemusikia. »

Kompresere ya Bill Putnam, ya Jim Lawrence, ya Rein Narma, zote zilitengenezwa ili sauti ya binadamu ivuke vizuizi: sindano ya diski, hewa ya radio, makelele ya nyumba. Leo ziko ndani ya ordinatere zetu, zingine bila kulipa franka hata moja. Mbele ya kugusa butoni, jiulize swali moja: ni neno gani lisipofika, wimbo huu umekufa? Anzia pale.

Kama uko na wimbo wenye unakusumbua, uulete stasio siku za kazi, pamoja na rekodi zake kabla ya miksaje. Tutausikiliza pamoja.